Ndeshi Hakuitubia Taa

Shitaka la Ndeshi, mwimbaji wa kwaya na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri pale Kijenge, lilikuwa moja tu: alionekana amechuchumaa mbele ya taa ya Wahindu, mikono ameikutanisha, akiabudu. Aliyemwona ni Anyesi, anayeimba naye sauti ya pili. Anyesi si mwongo. Aliona alichokiona, kisha akakipa jina kabla ya kuuliza, na hilo ni kosa ambalo sisi watu wa dini tunalifanya upesi kuliko walevi.

Ndeshi alizaliwa Akeri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, katika nyumba ambayo asubuhi haikuanza bila wimbo na sala. Aliolewa Kijenge. Mumewe alipofariki, binti yao Hope akiwa bado wa kubebwa mgongoni, Ndeshi alitafuta kazi ya kupika akaipata kwa Mama Savita, mjane wa Kihindu aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Ndugu zake walimwambia hatamaliza msimu wa mvua, kwamba Wahindi ni wagumu. Alikaa mpaka Hope akasoma, akaolewa, akazaa.

Wiki ya kwanza ilikaribia kuwa ya mwisho. Ndeshi alikuwa amepanda kwao Akeri na kurudi na mayai ya kienyeji, zawadi ya heshima kwa mwajiri wake. Mama Savita alirudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Sitaki kifo jikoni kwangu!"

"Mama, hili ni yai. Halijafa."

"Na halijazaliwa. Toa nje."

Ndeshi aliyatoa nje, akaenda kuyachemshia kwake. Tangu siku hiyo yai wala nyama havikuingia jikoni mle, na hata siku za sikukuu, alipokula nyama kwake, aliosha mikono mara mbili kabla ya kushika unga wa yule mama. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema nyumba ya mtu ina utaratibu wake, na anayekula mshahara wa nyumba asiudharau utaratibu huo kwa siri.

Wakazoeana. Jumapili baada ya ibada, sadaka za mazao zilipopigwa mnada nje ya kanisa, Ndeshi alikuwa akinunua chane la ndizi mbivu na kulipeleka kwa Mama Savita aliyezipenda sana ndizi zile.

"Leo Yesu ametoa ndizi nzuri," mama yule alikuwa akisema, akizipima kwa vidole.

"Ametoa, na mimi nimezinunua. Shukuru wote wawili."

Siku moja Mama Savita alichukua ndizi moja, akaiweka mbele ya sanamu zake kwenye kijumba chao cha shaba, akaomba, kisha akamkatia Ndeshi kipande. Ndeshi alirudisha mikono nyuma.

"Hiyo sili, Mama."

"Umeileta mwenyewe!"

"Niliileta ikiwa imetolewa kwa Bwana. Sasa umeitoa kwa mwingine. Ndizi moja inaabudu mara ngapi?"

Mama Savita alikasirika, akanuna mpaka jioni. Kesho yake alimngoja mlangoni. "Umesema kweli. Ningepewa mimi mkate wa ile meza yenu ya kanisani, nisingekula." Wakakubaliana kwamba ndizi za kanisani zitaliwa kabla hazijafika mbele ya sanamu, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Hivyo ndivyo watu wawili wenye imani wanavyoweza kuishi: mmoja haimezi imani ya mwenziwe, wala haitemei mate.

Walibishana, tena sana, hasa saa za kuchambua dengu, mama mwenye nyumba kwenye kiti na mpishi kwenye kigoda.

"Eti Mama Hope, mtu afanye uovu mwaka mzima, Jumapili apige magoti, kwisha?"

"Akitubu kweli, kwisha."

"Rahisi sana hiyo! Kwetu kila mtu anakula alichopika. Usipokimaliza maisha haya, utarudi kukimalizia maisha mengine."

"Na aliyeunguza kwa bahati mbaya?"

"Atakula kimeungua."

"Mama! Huko kwenu hakuna huruma hata kwa mpishi?"

Mama Savita alicheka mpaka akapaliwa. "Na kwenu je? Mnasamehe mpaka mwizi wa kuku."

"Hasa mwizi wa kuku. Mwenye haki anataka msamaha wa nini?"

Yule mama akaendelea kuchambua. Baadaye alisema, kama anajisemea, kwamba angependa kusamehewa jambo moja, lakini hakulitaja, na Ndeshi hakuuliza.

Siku hizi kuna mtindo wa watu waliokaa mjini muda mrefu kusema dini zote ni moja. Ndeshi hajapata kulisema neno hilo. Anayelisema, mara nyingi, hajaishika hata moja kwa mikono miwili. Yeye alijua kwamba kwa Mama Savita roho inavaa miili na kuivua kama nguo mpaka ifike mwisho wa safari yake, na kwamba kwake yeye mtu huishi mara moja, hufa, husimama mbele ya Mungu. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na alimwambia hivyo usoni. Lakini kuna jambo alilojifunza kwenye nyumba ile na hakulificha. Mama Savita alifundishwa tangu utoto kutenda wajibu wake bila kungoja tuzo. Aliomba kila asubuhi wala hakuwahi kusikika akiomba kitu. Ndeshi alianza kuzisikiliza sala zake mwenyewe, akaona aibu: nipe, nipatie, niongezee.

"Yule mama amenifundisha kusali bila kuomba kitu," alimwambia Anyesi siku moja baada ya mazoezi ya kwaya.

"Angalia tu usije ukafundishwa na masanamu yake," Anyesi akajibu.

Miaka ikaenda, miguu ya Mama Savita ikavimba, duka likafungwa. Mwanawe wa pekee, Kirit, alikuwa Uingereza. Siku moja mama huyo alimwita Ndeshi kando ya kitanda.

"Nikifa watanichoma siku hiyo hiyo au kesho yake. Kirit hatawahi. Lakini ndani ya nyumba, mbele ya picha yangu, nataka taa iwake mpaka mwanangu aingie mlangoni. Wanawake wa jumuiya yetu watakuja, wataimba, watarudi kwao kupikia waume zao. Wewe ndiye unabaki. Usiiache izimike."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Nimesema uiabudu? Nimesema uangalie moto. Miaka yote hii umeangalia moto wangu, leo unaniambia dini?"

Ndeshi aliinuka. Alikwenda jikoni, akageuza chapati, akarudi.

"Nitauangalia, Mama. Sitauabudu."

"Ukiuabudu nitarudi nikucheke."

"Usirudi. Ukishakwenda, nenda ukapumzike."

Alifariki mwezi wa nane, wakati upepo wa Meru unapoteremka mjini na kupenya kila ufa wa dirisha. Mwili ukachomwa kwa desturi yao. Taa ilikuwa kibakuli cha shaba chenye samli na utambi wa pamba, imewekwa mezani sebuleni mbele ya picha. Baadhi ya wanawake wa Kihindu walinung'unika: mikono inayopika nyama huko kwao iguse taa ya marehemu? Mzee mmoja wao akawanyamazisha kwamba marehemu alitaka hivyo. Safari ya Kirit ikakwama njiani, akachelewa. Ndeshi akahamia sebuleni na kanga yake, akalala kwenye mkeka, akaamka kila mara kuongeza samli.

Asubuhi moja Anyesi alimletea sare mpya ya kwaya aipime. Mlango ulikuwa wazi. Upepo ulikuwa umevuma kwa nguvu kupitia kioo kilichopasuka, na moto ulikuwa umebaki kidogo kama punje ya mtama. Ndeshi alikuwa amechuchumaa, viganja vyake viwili ameuzungushia ule moto, kichwa ameinamisha, midomo ikitembea. Anyesi alisimama kizingitini. Akaondoka na sare yake bila kubisha hodi.

Kirit alipofika, alimkumbatia Ndeshi akalia. Kisha, kwa wema kabisa, akampa ua la njano na kumwonyesha kile kijumba cha shaba.

"Mama Hope, weka na wewe. Mungu ni mmoja tu, majina ndiyo mengi."

"Mwanangu, huyo simjui. Mama yako namjua." Akaliweka ua chini ya picha ya Mama Savita, akaenda jikoni kumpikia mfiwa chai.

Anyesi alikuwa ameshakwenda kwa Mchungaji.

Baraza la wazee lilimwita Ndeshi. Mchungaji Bariki, kijana kuliko wazee wengi aliowaongoza, aliendesha kikao kwa upole, kwa maana hakuna aliyetaka kumkosa mwimbaji mahiri wa sauti ya pili. Anyesi akaeleza. Ndeshi akaulizwa kama ni kweli.

"Ni kweli nilikuwa pale. Nilikuwa nakinga upepo, taa ilitaka kuzimika."

Ukumbi ukashusha pumzi. Mzee Lesian, Mwarusha mfugaji kutoka upande wa Terrat, akapiga paja lake. "Si ndiyo hiyo! Alikuwa anakinga upepo. Mimi nikitoka hapa nina kikao cha rika langu, tutamwagia maziwa njia za vijana, tuwabariki kimila. Mnitenge na mimi? Tufunge kikao, tunywe chai."

"Mzee Lesian, hilo lako tutalizungumza siku yake," Mchungaji akasema, watu wakacheka. "Mama Hope, basi ulikuwa unakinga upepo tu. Iandikwe hivyo."

Hapo mlango ulikuwa wazi, na mtu mwingine yeyote angetoka.

"Hapana," Ndeshi akasema. "Isiandikwe 'tu'. Midomo yangu ilikuwa inatembea, na Anyesi ameiona. Nilikuwa naomba."

"Ulimwomba nani?"

"Yesu Kristo. Namjua mmoja."

"Uliomba nini?"

"Nilisema: Bwana, huyu mama amekwenda kwa njia nisiyoijua. Wewe unazijua zote. Mpokee."

Mchungaji akavua miwani. "Mama Hope, alikuwa ameshakufa. Kanisa letu haliombei wafu. Tena mtu ambaye hakubatizwa. Umefundishwa hilo tangu kipaimara."

"Nimefundishwa. Na sikumwambia Yesu nini cha kufanya. Nilimkabidhi mtu kwake. Akimkataa, ni yeye. Lakini mimi niseme samahani kwa kumtajia jina?"

"Mbele ya taa ya miungu!" Anyesi akadakia.

"Mbele ya picha ya Mama Savita. Miungu yake ilikuwa chumba cha pili, Anyesi. Ungebisha hodi ungeiona."

Baraza liliamua atengwe: asishiriki meza ya Bwana, asiimbe, asikae na wazee, asiwe mdhamini wa ubatizo, mpaka atakaporudi kundini. Kurudi kundini kwetu ni jambo la hadharani. Anayetubu huitwa jina katikati ya ibada, hutoka mbele, hupiga magoti, huulizwa kama anaijutia dhambi yake, hujibu ndiyo, na usharika humpokea kwa wimbo. Ni desturi njema kwa mwenye dhambi. Kwa asiye nayo ni kushuhudia uongo akiwa amepiga magoti.

Lililomuuma Ndeshi halikuwa kwaya. Hope alikuwa amezaa mtoto wa kike, Princess, na ubatizo ulikuwa umepangwa Jumapili ile ile ya kurudisha watu kundini. Ndeshi ndiye aliyepaswa kumshika kwenye kisima cha ubatizo. Gauni jeupe alikuwa amelishona kwa mkono, na kila jioni alikuwa akilitandaza kitandani na kulitazama.

"Mama, ni maneno matatu," Hope alimwambia wakimenya ndizi uani. "Nimekosa, naomba msamaha. Umemaliza, unamshika mjukuu wako."

"Na Mungu akiniuliza nilikosa nini?"

"Mungu ndiye anajua hukukosa! Ndiyo maana haina shida."

"Kwa hiyo tumdanganye Mchungaji kwa kuwa Mungu hadanganyiki?"

Hope akatupa ganda kwenye ndoo. "Hao wazee wenyewe Desemba wakipanda kwao wanamwaga pombe ya mbege makaburini, wanazungumza na mababu. Unawajua kwa majina. Wataje, tuone nani atabaki kwenye baraza."

"Kosa la mwenzangu halinioshi mimi."

"Basi Princess atashikwa na nani?"

Ndeshi alichukua ndizi nyingine, akajibu kwa sauti iliyopungua. "Sijui, mwanangu. Naumia kuliko wewe."

Mchungaji Bariki naye alijaribu. Alikuja mwenyewe mpaka getini Ijumaa, akakataa kiti.

"Shikamoo Mama. Nimetafuta njia. Ukija mbele, sitakuuliza juu ya taa. Wewe sema, kama nimekosea, naomba radhi. Baraza litaridhika."

"Marahaba, Baba Mchungaji. Wewe unaona nimekosea?"

"Baraza limeona."

"Nimekuuliza wewe."

Mchungaji aliutazama mlima, uliokuwa wazi siku hiyo mpaka kileleni. "Mimi ninalinda kundi, Mama. Leo ni wewe, na najua moyo wako. Kesho atakuja mwingine aseme, mbona Ndeshi alifanya, naye ataabudu kweli. Nitamzuia kwa neno gani?"

Hilo halikuwa swali la kipuuzi, na Ndeshi hakulifanya la kipuuzi. "Utamuuliza alimwomba nani," akasema. "Mimi mliniuliza, nikawajibu. Jibu mmelipata, kisha mnataka nilitubie. Siji na 'kama', Mchungaji. Nikiwa na dhambi nitasema dhambi. Nikiwa sina, sitakopa ili ibada iende vizuri."

Jumapili kanisa lilijaa. Ndeshi alikaa benchi la nyuma kabisa, mahali pa waliotengwa na pa wageni. Waliorudi kundini waliitwa mmoja mmoja: kijana aliyempa mimba binti wa watu, mwanamume aliyekuwa na nyumba ndogo Nduruma. Walipiga magoti, wakajibu, wakapokelewa. Kisha Mchungaji akasoma jina la Ndeshi.

Hakusimama. Akasoma tena. Watu waligeuza vichwa, na Anyesi kule kwenye kwaya akainamia kitabu cha nyimbo. Ndeshi alibaki ameketi, mgongo umenyooka, macho yanamtazama Mchungaji. Hatimaye Mchungaji alikunja karatasi, wimbo ukaanzishwa.

Ndipo watoto wa ubatizo wakaitwa. Hope na mumewe walitoka mbele na Princess ndani ya lile gauni jeupe. Kando yao hapakuwa na mtu. Hope alikuwa amekataa kutafuta mwingine, wala hakumwambia mama yake.

"Nani anamdhamini mtoto huyu?" Mchungaji akauliza.

"Mimi," sauti ikatoka benchi la nyuma.

Ndeshi alikuwa amesimama.

"Mama Hope, huruhusiwi kumdhamini. Unalijua hilo."

"Nalijua, Baba Mchungaji. Sitasogea hapa nilipo. Lakini umeuliza ni nani, na mtoto asibatizwe kwa kimya."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mwisho fimbo ikagonga sakafu, na Mzee Lesian akatoka kwenye safu ya wazee, akaburuta ndala zake mpaka kisimani, akanyoosha mikono yake mikubwa.

"Nipe mtoto, binti. Utaratibu unataka mikono iliyo ndani ya kundi, haya, mikono hii hapa. Ameshakuwa wangu. Majibu atajibu mwenye majibu."

"Mzee Lesian..." Mchungaji akaanza.

"Endelea, Baba. Mtoto analowa machozi ya mama yake, mloweshe kwa maji yako."

Mchungaji Bariki alimtazama Lesian, akamtazama mwanamke aliyesimama peke yake nyuma ya watu wote. Angeweza kumwamuru akae. Akafungua kitabu cha ibada.

"Je, mnamkataa Shetani na kazi zake zote?"

Lesian alijibu chini kwa chini, Hope na mumewe wakajibu, na kutoka benchi la waliotengwa sauti ya pili ya kwaya ikasikika mpaka kwenye kengele:

"Namkataa."

"Mnamwamini Mungu Baba, Muumba wa mbingu na nchi?"

"Namwamini."

"Mnamwamini Yesu Kristo, Mwanawe wa pekee?"

Safari hii alijibu yeye kwanza, kabla ya wote, na kwa sauti kubwa hata mtoto aligeuza kichwa mikononi mwa Mzee Lesian kutafuta inakotoka.

"Namwamini, Mchungaji. Huyo huyo."

Mchungaji akachota maji.